Spika Zapata Nguo Mpya

Spika za Mbaruku zilichubuka vibaya mpaka mwenyewe akazitoa nje zitupwe. Mkewe Salme, fundi cherehani, akazirudisha ndani. Alinunua mbao za mninga nyembamba kama karatasi, akazipaka gundi, akazibandika juu ya spika, kisha akashika pasi ya moto.

“Utaziunguza, mke wangu!”

“Wewe shika pembe hiyo, isiende upande.”

Salme akapiga pasi taratibu kutoka katikati hadi kingoni, na kila kiputo cha hewa kikalala. Walipomaliza ya pili, mistari ya mninga iling’aa kama asali. Mbaruku akaipapasa, akacheka kwa sauti, akawasha muziki.

“Hivi tulicheza lini mara ya mwisho?”

Salme alikuwa ameshavua viatu.