Jina la Kondo

Siku ya saba, Bi Mtumwa alishika wembe juu ya kichwa cha kitukuu chake, akingoja atajiwe jina ndipo anyoe.

"Kondo," alisema Mwanasha.

"Jina la mumeo? Arobaini yake bado! Mwite Juma, mtoto aishi."

"Kina Juma wako wanne humu ndani, bibi. Nikiita, wataitika wote isipokuwa ninayemtaka."

"Basi mimi sinyoi." Wembe ukatupwa sahanini.

Mwanasha aliuokota. Tangu mazishi, hakuna aliyethubutu kulitamka jina lile nyumbani. Akainama sikioni mwa mwanawe.

"Kondo!" akaita kwa sauti.

Nywele za kwanza zikadondoka. Jikoni, waliokuwa wakitwanga wakaiacha michi juu, hewani.