Kengele Mara Mbili

Zuwena alikuwa akikariri maana za maneno ya saikolojia kwa ajili ya mtihani wa kesho. "Kumbukumbu," alisoma kwa sauti, "ni uwezo wa akili kuhifadhi yaliyopita na kuyarejesha."

Mama yake, Bi Mize, alimnong'oneza: "Yule mzee ni nani? Tangu asubuhi amekaa tu humu ndani kwangu."

Mzee Faki, mume aliyeishi naye miaka arobaini, alisikia. Akavaa kofia yake, akatokea mlango wa uani, akaikokota baiskeli mpaka barazani. Magurudumu yalikwisha upepo tangu mwaka jana. Akapiga kengele mara mbili.

Uso wa Bi Mize ukakunjuka. "Faki huyo!" Akajitanda kanga vizuri, akaenda mbio kumfungulia.

"Umechelewa leo, baba Zuwena."

"Njia ilikuwa ndefu, mke wangu."

Akamshika mkono, akamwingiza ndani, akapapasa kiti. "Bado kina joto. Palikuwa na mgeni hapa."

"Mgeni gani?"

"Simjui. Lakini mtu mpole."

Mzee Faki akavua kofia, akakikalia kiti kile.

"Haya, mwanangu," alisema, "kumbukumbu ni nini? Hebu soma tena."