Mlio wa Pikipiki ya Daktari

Mzee Kingori alifumba macho, akaegemea mkongojo wake na kusikiliza. Kisha akatikisa kichwa mpaka kofia yake ya pama ya kijivu ikacheza.

"Zima," alisema. "Hiyo ni pikipiki tu. Hiyo si baba yako."

Gatimu alizima injini, akapangusa jasho kwa kiwiko maana viganja vilikuwa vyeusi kwa oili. Hii ilikuwa Jumamosi ya kumi na moja. Kila Jumamosi mzee alishuka kutoka Chaka mpaka gereji hii nyuma ya nyumba ya Gatimu, Nyeri mjini, na kila Jumamosi jibu lilikuwa hilo hilo.

Si kwamba pikipiki ilikuwa na ubovu. Gatimu aliifungua mpaka skrubu ya mwisho, akabadilisha pistoni na ringi, akapaka tangi rangi yake ya zamani. Kabureta aliitafuta hadi kwa Fuad muuza vipuri, aliyemwambia waziwazi kwamba anafufua mzoga. Sasa ilinguruma vizuri ajabu, na hapo ndipo palipokuwa na shida. Gatimu aliitaka ingurume vibaya, vile ilivyonguruma enzi za baba.

Baba yake, marehemu Theuri, alikuwa daktari wa ng'ombe. Miaka thelathini alipanda pikipiki hiyo kwenda Naro Moru asubuhi na kurudi jioni, na kelele zake zilimtangulia kilomita mbili. Gatimu alikumbuka vizuri: baba akiingia getini, mama alikuwa tayari mlangoni, leso safi, kikombe kimoja cha chai kinafuka moshi mezani. Hakukosea hata siku moja. Gatimu hakuwahi kuona upendo uliozidi huo, na mke wake mwenyewe alikuwa amechoka kuhadithiwa.

Sasa Mama Wachuka alikuwa na mwaka mzima wa ujane, na tangu mazishi hakuna aliyemsikia akicheka. Gatimu alitaka kitu kimoja tu: mama asikie mumewe akirudi nyumbani, hata kama ni mara moja. Jambo hilo lilimkaa rohoni kuliko alivyoweza kumwambia mtu.

Bahati nzuri alikuwepo Kingori, jirani wa mama huko Chaka, upande wa pili wa ua wa miiba ya kayaba. Ua huo nao uliwahi kuleta maneno. Kila msimu baba alikuta pengo lile lile nyuma ya jikoni, akaliziba kwa miiba, akawalaani mbuzi wa Kingori kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni. Kingori hakujitetea hata neno. Ndivyo alivyokuwa, mtu mpole. Na tangu msiba, haikupita jioni bila yeye kwenda kumjulia mama hali, na nyonga yake mbovu hivyo hivyo.

"Lakini Mzee, wewe uliishikaje hii sauti?" Gatimu aliuliza. "Mimi nimekulia kwa hiyo nyumba na sikumbuki hata nusu."

"Kijana yangu, hiyo naweza kuijua hata nikiwa nimelala." Kingori alisogea karibu. "Sikiza. Akifika kwa kona ya soko, inakohoa mara mbili. Akianza kupanda mlima, inalia kama debe. Halafu akifika kwa kanisa anaachilia mafuta, inanyamaza. Ikinyamaza, uko na dakika nne."

"Ati ulikuwa unamhesabia mpaka dakika?"

"Alikuwa rafiki yangu," Kingori alisema, akatazama chini.

Gatimu alipangusa viganja kwa kitambaa. Alijiuliza kama yeye atakuja kupata rafiki wa namna hiyo.

Wiki hiyo alitoboa bomba la moshi, akalegeza bolti mbili na kuichezea kabureta mpaka ikaanza kukohoa. Hakumwambia Kingori. Alitaka wazee wote wawili washtuke pamoja.

Alhamisi aliomba ruhusa kazini, akaipakia pikipiki kwenye pikapu, akaenda nayo mpaka Naro Moru, akavaa koti la mvua la baba, na ilipofika saa kumi na moja akaiwasha. Kwenye kona ya soko la Chaka ikakohoa mara mbili. Wauza viazi waligeuka. Mlimani ikalia kama debe. Kanisani akaachilia mafuta, ikanyamaza, na Gatimu akajikuta akilia machozi ndani ya helmeti.

Dakika nne baadaye aliingia getini.

Mama alikuwa mlangoni. Leso safi. Nyuma yake, kikombe kimoja cha chai kilifuka moshi mezani. Cha pili alikuwa nacho mkononi, anakikausha upesi upesi kwa upindo wa leso.

"Karibu, Baba Gatimu," alisema huku anahema.

Gatimu alivua helmeti. Mama alimtazama, akakitazama kikombe, akatazama kule jikoni, na kicheko kikamtoka. Alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango, kicheko cha mwaka mzima. Gatimu alimkumbatia kwa nguvu, moyo umemjaa. Amefaulu.

Hapo, juu ya bega la mama, aliuona mkongojo umeegemezwa kwenye kiti kitupu.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Kule nje, kwenye pengo la ua wa kayaba, alikuwa amenasa yule mbuzi ambaye baba alimlaani miaka thelathini, akirusharusha miguu, pama ya kijivu ikining'inia kwenye mwiba.