Komeo la Chumba cha Uani

"Kikapu hicho ukikifungua kabla sijakwambia, utaniona," alisema Bi Mahbuba. Gari lililipita soko la Mawaleh, huku Omani, likasimama mbele ya makumbusho.

Nyamizi alikipakata kikapu. Mkataba wake wa kazi za ndani ulikwisha tangu Ramadhani, na mama yake alikuwa mgonjwa Tabora. Jana Suud, mtoto wa Bi Mahbuba, alilikuta begi lake limefungwa tayari chini ya kitanda. Hakufoka. Alicheka tu, akaligonga kabati alimoifungia pasipoti ya Nyamizi.

"Utaondoka nikitaka mimi."

Jioni bibi naye akaomba funguo za kabati lile, eti dawa zake za presha zimo humo. Kisha akamgeukia Nyamizi.

"Yule Obedi, dereva wa jirani, mtu wa kwenu?"

Obedi peke yake ndiye aliyejua kwamba Nyamizi anataka kutoroka.

Suud alibaki garini na simu yake. Ndani ya uwanja zilisimama nyumba za udongo, zimejengwa upya vilevile kama za walowezi wa Kiomani waliokwenda Pemba kulima karafuu. Majamvi ya kuanikia, vinu, mbuzi za kukunia nazi. Bibi alivipita vyote bila kutazama, amemshika Nyamizi mkono kama polisi.

Akasimama kwenye chumba kidogo cha uani. Komeo la mlango lilikuwa nje.

"Kwetu Pemba kilikuwepo chumba kama hiki. Baba alikuwa akimfungia mtumishi wetu, Bakhita, kila alipotaka kwenda kwao. Siku moja wakafungua, hayumo."

"Alitokea wapi, Bibi?"

"Ingia."

"Bibi, nakuomba..."

"Ingia, we mtoto! Suud huyo anakuja."

Mlango ukafungwa. Komeo likalia. Nyamizi akaanza kulia gizani.

"Nyamaza," bibi alinong'ona kwenye ufa wa mlango. "Vuta jamvi la ukutani. Kisha fungua kikapu."

Nyuma ya jamvi kulikuwa na kijilango, na nje ya kijilango Obedi kwenye usukani, gari linanguruma. Ndani ya kikapu, juu ya vileja, pasipoti na tiketi.

"Mama, Nyamizi yuko wapi?" Suud aliuliza huko mbele.

"Nimemfungia humo," bibi akajibu. "Mwache kwanza, apate adabu."