Behewa la Mwisho

"Tupande behewa la mwisho," mume wangu Dwight alisema, akichora mstari kwenye ramani ya New York kwa kalamu ya wino mwekundu. "Tukishuka tu, ngazi hizi hapa mbele yetu."

Niliitazama ramani. Ilionyesha vituo na njia za treni za chini ya ardhi. Ngazi haikuzionyesha.

Tulikuwa tukipanga safari ya kuadhimisha miaka ishirini ya ndoa. Dwight huapa hajawahi kukanyaga jiji hilo. Safari zake zote za kazi ni za Chicago.

"Umejuaje mambo ya ngazi, bwana mjanja?"

"Wewe nawe! Nimesoma mahali."

Niligusa kituo kingine. "Na tukishukia hapa, tupande behewa gani?"

"La katikati," alijibu upesi.

Kisha kalamu ikatulia palepale, na doa jekundu likaanza kutanuka kwenye karatasi.