Mstari Mwekundu

Siku ya kuzindua kiwanda, mashine ilinguruma, mkeka wa kwanza wa plastiki ukateremka. Mshereheshaji akapaza sauti: "Bi Mize, tupigie vigelegele! Mwekezaji wetu katuletea neema!"

Bi Mize, msuka mikeka, alisogea mbele. Aliyajua maua ya mkeka ule. Mwekezaji alipokuja mara ya kwanza kutafuta kiwanja, alikaribishwa barazani kwake, akausifu mkeka wa ukindu aliokalia. Mgeni akisifu kitu, vibaya kumnyima. Bi Mize aliukunja akampa, na moyo ukimuuma.

Sasa kila kitu cha mkeka wake kilikuwa pale kwenye plastiki, hata ule mstari mwekundu uliopinda pembeni. Aliusuka kando ya kitanda cha bintiye, Salme, na mkono ulimpotea mtoto alipokata roho. Wenzake walimwambia aufumue, akakataa.

Mkeka wa pili ukashuka, na wa tatu, mstari umepinda palepale.

"Bi Mize, twakungoja!"

Akainua kiganja hadi mdomoni, kama wafanyavyo wapiga vigelegele. Watu wakanyamaza wamsikie. Kiganja kikabaki palepale mdomoni, na mashine ikaendelea kuiteremsha siku ile ya Salme, tena na tena.