Chakula cha Yunusi

Simba alikuwa amelala katikati ya njia, na Biasha alikuwa na kikapu cha chakula kichwani.

Hakukimbia. Mtoto wa Kilimarondo aliyefika umri wa kuchota maji peke yake anajua kwamba anayekimbia hujifanya nyama. Alisimama, akashika kikapu kwa mikono miwili, akamtazama mnyama usoni. Simba naye akamtazama, kisha akapiga mwayo kama mtu aliyeamshwa mapema.

Zamani simba walikaa mbali. Tangu mashine za Wazungu waliokuja kulima karanga zianze kung'oa misitu upande wa Nachingwea, wanyama walikosa pa kukaa, na mwaka huo walijilaza kwenye njia za watu mchana kweupe.

"Bwana mkubwa," Biasha alisema taratibu, kama alivyosikia wakubwa wakisema, "sina ugomvi na wewe. Napeleka chakula jandoni."

Simba hakuondoka.

Chakula kilikuwa cha Yunusi, kaka yake, aliyeingia jandoni baada ya mavuno pamoja na wari wenzake, wavulana wa rika lake. Biasha angeweza kurudi. Angeweza hata kuumwaga ugali kichakani akarudi na bakuli tupu. Lakini kila siku mlinzi wa jando alifunga kamba ya gome kwenye mkono wa kikapu, kamba mbichi iliyochunwa siku hiyo hiyo, kuwa alama kwamba chakula kimefika na kimeliwa. Mama aliishika kamba ile kila jioni, akainusa, ndipo naye akala. Asipoiona, hali.

Na tumbo la mama lilikuwa limeshuka. Mkunga, Bi Mwanaheri, alikuwa amemvuta Biasha nyuma ya nyumba.

"Mama yako ameshapoteza wawili kwa mshtuko," alimwambia. "Huyu wa sasa asimponyoke. Mpaka ajifungue, neno baya lisimfikie. Unanisikia?"

Alimsikia.

Kwa baba hakukuwa na msaada. Siku hizi hakuwa mtu wa maneno. Mama akimuuliza kama kidonda cha Yunusi kimekauka, hujibu, "Ya jandoni hubaki jandoni mpaka wari watoke," akachukua shoka akaenda zake.

Upande wa kushoto wa njia, moto wa nyika ulikuwa umepita jana yake. Ardhi ilikuwa nyeusi, visiki vinafuka moshi. Hapakuwa na nyasi za kumficha mnyama, na hakuna mnyama apendaye kuunguza nyayo. Biasha akaingia humo kinyumenyume, hatua moja moja.

Simba akainuka. Akaanza kutembea ukingoni mwa majivu, sambamba naye, kichwa chini, mabega yakipanda na kushuka. Biasha akisimama, naye husimama. Biasha akienda, naye huenda.

Chini ya majivu kulikuwa na makaa bado. Aliuma meno. Kaa moja lilimpata katikati ya vidole vya mguu, machozi yakamtoka, lakini mikono haikuachia kikapu. Alipovuka korongo kavu ndipo alipothubutu kumpa simba mgongo. Simba alikuwa ameketi kule ng'ambo, anamsindikiza kwa macho.

Mahali pa kupokelea chakula palikuwa nje ya ua wa matawi walimokaa wari, maana mwanamke hapiti hapo, hata akiwa mtoto. Mzee Swalehe, mlinzi wao, alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Mke wangu, leo umejipaka mkaa?" alimtania. "Kuna kijana mwingine unajirembesha kwa ajili yake?"

"Wewe je, babu? Hujaoga tangu jando lianze."

Mzee alicheka, akapokea kikapu, akampa kijana wake akiingize ndani. Wavulana walipokiona wakaanza wimbo wa kushukuru, sauti nyembamba na sauti zinazoanza kuwa nzito zikigongana. Biasha alitazama chini.

"Kaka yako anakusalimu," Mzee Swalehe alisema. "Jana alilamba mpaka bakuli."

"Nami namsalimu."

Ndipo mzee alipoyaona malengelenge miguuni mwake. Utani ukaisha. Aliuliza, akaambiwa yote: simba, majivu, makaa. Akaketi juu ya gogo, fimbo magotini.

"Kesho usije."

"Nitakuja."

"Biasha. Simba aliyekuangalia leo, kesho atataka kuonja. Aje mtu mzima."

"Mtu mzima yupi? Baba haji huku."

"Nitatuma mtu kwenu jioni hii aseme mtoto asitumwe tena."

"Usitume, babu. Ukinikataza mimi, atakuja mama."

"Na aje. Mtu mzima simba humwogopa."

"Mama asije."

"Kwa nini asije? Kila mama hapa analeta chakula cha mwanawe."

Biasha alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine ameuinua kidogo usiguse mchanga. Ndani ya ua wavulana walikuwa bado wanaimba.

"Mama akija atausikiliza wimbo," alisema. "Mimi tangu mwezi uandame siisikii sauti ya Yunusi, na sijauliza. Yeye atauliza mmemzika wapi."